Wakwe Ndani ya Mtumbwi

Baba aliumia bega mwaka ule mvua za masika zilipovunja daraja dogo la barabara ya kwenda vijiji vya chini. Alikuwa akiutoa mtumbwi majini, akateleza kwenye tope, na uzito wote ukamwangukia. Bega lilipona kwa namna yake. Aliweza kula na kusalimia watu kwa mkono ule, lakini kupiga kasia hakuweza tena. Wakati huohuo watu ambao miaka yote walipita barabarani wakaanza kuja mtoni, kwa sababu njia nyingine ilikuwa ya kuzunguka milima kutwa nzima kwa miguu.

Tuliishi upande wa Kyerwa, karibu na mto Kagera, mahali ambapo ng'ambo ya maji ni nchi nyingine. Sisi hatukuvuka. Kazi ya baba ilikuwa kuteremka na mto kwa upande wetu huu, kutoka mwalo wetu, pale mitumbwi inapoegeshwa, hadi mwalo wa chini, safari ya nusu siku maji yakiwa mengi. Alipakia mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na, mara mojamoja, watu. Watu aliwapeleka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina nguvu, na mto naujua kwa kuwa nilikulia pembeni mwake, lakini baba aliniachia ndizi tu.

"Ndizi haziambiwi kaa," alikuwa akisema. "Watu wanaambiwa."

Alikuwa na haki. Sikuweza kusema mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, jibu lilifika kooni likakaa hapo mpaka mwenzangu akajibu. Nikimwona mtu mzima anakuja njiani nilianza kutafuta kichaka cha kupitia. Sikuwa namdharau. Niliogopa shikamoo yangu isisikike, halafu ikasemwa kwamba mtoto wa fulani hana adabu.

Baba mdogo ndiye alikuwa akipiga kasia la mbele. Anayekaa mbele hutoa nguvu, anayekaa nyuma huongoza, na mtumbwi huitwa wa yule wa nyuma hata kama gogo lilichongwa na mwingine. Baada ya baba kuumia, baba mdogo aliitaka nafasi ya nyuma, na hakuficha.

"Kaka, mtumbwi hauongozwi na bubu," alisema jioni moja, mimi nikiwa palepale namenya ndizi na mama. "Huyu mwanao mpe jembe. Jembe halijibiwi."

 Baba alingoja aondoke, akaniita nje.

"Kesho kuna familia inatoka Nyabiyonza," akaniambia. "Binti yao ameolewa huko chini, amejifungua, wanakwenda kumwona mtoto. Utawapeleka wewe. Ukiwafikisha salama, nyuma ya mtumbwi ni pako. Ukishindwa, namwachia mdogo wangu, na wewe utashika palizi ya kahawa kama wenzako. Sitaki lawama za watu kufa maji."

Nikasema, "Ndiyo baba." Hata hiyo hakuisikia. Aliniuliza tena.

Asubuhi walikuja wanne. Alikuwepo mzee, baba wa binti, amevaa kanzu na koti juu yake, kofia kichwani na fimbo mkononi. Alikuwepo mke wake, mama mnene mpole aliyejifunga kitenge kipya. Shangazi wa binti naye alikuwepo, dada wa yule mzee, mwembamba, maneno hayamwishi mdomoni. Wa nne alikuwa kitinda mimba wao, msichana mdogo ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Wote walikuwa watu wa milimani, na maji makubwa waliyoyajua ni ya kisima. Walipofika juu ya mteremko wakauona mto, wa rangi ya udongo, mpana, ukibeba vipande vya mafunjo vilivyong'oka na mizizi yake, wakasimama.

"Hiki ndicho tunachopanda?" shangazi akauliza, akiutazama mtumbwi. "Mbona mtego wa panya ni mkubwa kuliko hiki?"

"Kinatosha, mama," baba mdogo akacheka. "Kimebeba magunia ya kahawa."

"Magunia hayaogopi."

 Mama wa binti alikuwa ameshika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, amekikumbatia kifuani kama mtoto. Walikuwa pia na mikungu ya ndizi, kapu la maharage na samli iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Hakuna anayekwenda kwa wakwe mikono mitupu.

Kabla ya watu kupanda, baba alikuwa na maneno yake ya mwaloni, na nilikuwa nimeyarudia moyoni tangu alfajiri. Kila mtu akae chini kabisa, kwenye nyasi tulizotandika. Anyoshe miguu. Mikono aiweke ndani, asishike kingo. Akitaka kutazama kitu ageuze shingo, si kiuno. Na asisimame hata akiona nyoka.

Nikasimama mbele yao. Mzee akanitazama, akingoja. Nikainamisha kichwa, nikayasema yote nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Anasema nini?" shangazi akamuuliza baba mdogo.

"Anasema karibuni," akajibu baba mdogo.

"Ni yeye anayetupeleka?"

"Ndiye nahodha."

"Mungu wangu," akasema shangazi, na yule msichana mdogo akacheka.

Baba alikuwa amekaa juu ya mteremko, chini ya miti, bega lake limefunikwa kwa shuka. Alikuwa mbali, hakuweza kusikia, lakini aliweza kuona kwamba hakuna aliyetikisa kichwa kunielewa. Nilijua anaona. Nikaacha maneno, nikaanza kuwapanga kwa mikono. Niliweka mikungu katikati, nikamwonyesha mzee akae mbele ya mikungu, wanawake nyuma yake, mtoto katikati ya magoti ya mama yake. Nilimnyoosha shangazi miguu kwa kumshika nyayo na kuivuta. Aliniambia kwamba tangu kuzaliwa hajawahi kuvutwa miguu na mwanamume aliye hai, labda watakaomwosha akifa. Mama akavuta kitenge chake mpaka kwenye vifundo, akakaa, akafumba macho kabla hatujaondoka.

Tukasukuma.

Mtumbwi uliojaa watu si sawa na uliojaa ndizi. Nililijua hilo kwa kusikia, na siku ile nikalijua kwa kiuno. Ndizi hulala mahali pamoja. Watu wanapumua, wanaogopa, na kila wanachokiogopa wanakikimbia kwa mgongo. Kipande cha mafunjo kilipopita karibu nasi, mzee aliegemea kushoto kidogo tu, na ukingo wa kushoto ukashuka mpaka maji yakaulamba. Kati ya ukingo na maji hapakuwa na zaidi ya shubiri moja. Nikaegemea kulia kuurudisha. Jasho likaanza kunitoka ilhali jua lilikuwa bado dogo.

"Nahodha!" baba mdogo aliita kutoka mbele bila kugeuka. "Waambie abiria wako wasiyumbe."

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Nahodha amesema msiyumbe," akasema mwenyewe.

"Huyu kijana ana ulimi kweli?" shangazi akauliza. "Au aliuuza?"

"Anao. Anautunza kwa ajili ya mchumba."

Wakacheka, na mimi nilifurahi wacheke, kwa sababu mtu anayecheka hulegeza mgongo, na mtumbwi ulitulia. Tukaenda hivyo kwa muda mrefu. Migomba ya upande wetu ilipita juu kwenye miteremko, moshi wa asubuhi ukiwa juu yake. Yule mdogo alitaka kugusa maji, mama yake akambana kwa magoti bila kufumbua macho. Shangazi aliuhubiria mto mzima habari za mtoto aliyezaliwa: kwamba ni wa kiume, kwamba ana masikio ya ukoo wao, kwamba wenzao wa chini hawajui kumkanda mzazi na watakuta binti yao amekaa kama kuni.

Kwenye kona ya mafunjo palikuwa na viboko. Baba mdogo aliona mgongo wa kwanza, akanyanyua kasia. Tulikuwa na ishara zetu za siku zote za kubeba ndizi: nikigonga ubavu wa mtumbwi mara moja, anaacha kupiga kasia, mara mbili, kimya kabisa. Nikagonga mara mbili. Sauti ikapita ndani ya gogo, ikawafikia wote makalioni, na kwa mara ya kwanza siku ile walinielewa. Shangazi alinyamaza katikati ya neno. Mzee alikuwa na kikohozi, nikaona mabega yake yakitetemeka akikizuia. Maji yakatuchukua polepole. Kiboko mmoja akapuliza, tukahisi harufu yake, majani yaliyooza na matope. Masikio yake yalitikisika. Mwingine akazama, na hilo ndilo baya, kwa sababu kiboko anayeonekana unamkwepa, aliyezama hujui. Nilikaza macho kwenye mapovu. Yalielekea ukingoni, yakaenda mbali nasi, yakaisha.

Mzee akakohoa kikohozi chake chote.

"Vizuri," baba mdogo akasema, na safari hii hakunitania.

Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Nilifikiri, kumbe naweza kuongoza watu bila kufungua mdomo. Nitawagongea. Nitawapanga kwa mikono na kuwagongea, na baba atakubali.

Mbele kidogo mto unabanwa. Upande wetu kuna mwamba unaotoka ardhini kama goti, upande wa pili mafunjo yameota mpaka katikati, na maji yote yale mapana yanalazimika kupita katikati. Baba alipaita mlangoni. Siku za kiangazi unapita unapiga mluzi. Wakati wa masika maji hukuvuta kabla hujawa tayari, na yote yanataka kukutupa kwenye mwamba. Dawa yake ni moja: unaingia pua ikiwa imenyooka, unajibana upande wa mafunjo, na hakuna anayetikisika mpaka mmetokea upande wa pili. Ukilalia upande wa mwamba hata kidogo, maji yanaingia, na mtumbwi ulioingiwa na maji pale haurudi.

Nikagonga mara mbili. Wakanyamaza. Mama alifumba macho zaidi, kama inawezekana. Maji yakatushika.

Hapo ndipo nilipouona mtumbwi mwingine.

Ulikuwa umejificha chini ya mwamba, kwenye maji yaliyotulia nyuma yake, kijana mmoja akiushikilia kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Ndani yake alisimama mzee mrefu aliyevaa kanzu nyeupe. Baba mdogo alimtambua mara moja, nami nikamtambua kwa kanzu: ni baba wa mume wa binti yao, mwenyeji wetu. Kwetu mgeni wa heshima hangojwi nyumbani. Unatoka kumlaki, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyomheshimu. Yule mzee alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Hakuwa na kosa. Yeye ni mtu wa mto, kusimama ndani ya mtumbwi kwake ni kama kusimama uani.

Akainua mikono yote miwili, akatuita kwa neno letu la heshima.

"Waitu! Karibuni! Karibuni, wakwe zetu!"

Mama akafumbua macho.

Sasa, mwanamke wa kwetu hamsalimii mkwe huku amekaa, miguu ameinyosha mbele. Kumnyoshea mkwe nyayo ni aibu ambayo ingesimuliwa mpaka Bugene. Mwanamke hupiga magoti, huinama, huelekeza uso kwa anayesalimiwa, na ndipo salamu hutoka. Mama yule alikuwa amezaliwa akijua hivyo, akawa mtu mzima akijua hivyo. Akakunja miguu, akapiga magoti, akageuka kuelekea mwamba. Shangazi akapiga magoti nyuma yake. Mzee naye akavua kofia, akakita fimbo kwenye sakafu ya mtumbwi, akaanza kuinuka. Hakuna hata mmoja aliyefanya kwa fujo. Walifanya taratibu, kwa unyenyekevu, na adabu yao yote ikahamia upande mmoja.

Ukingo wa kulia ukazama. Niliona maji yakiingia, si kwa kurushwa, yaliingia kama yanayokaribishwa, yakaanza kupita chini ya mikungu.

Nikagonga ubavu. Nikagonga tena. Hakuna aliyesikia, wote walikuwa kwenye salamu. "Shikamoo, waitu," alikuwa akisema mama, kichwa kimeinama. Baba mdogo aligeuka, nikaona uso wake, na yeye alikuwa amefungua mdomo. "Jamani," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupita. "Jamani, wazee." Kumbe hata yeye, mwenye maneno yote, mbele ya wakwe wa watu hakuwa nayo. Mzee sasa alikuwa ameinuka nusu, magoti yamekunjwa, koti linapepea, na mwamba ulikuwa unakuja.

Nikapiga kelele.

Sikuchagua maneno. Nilipiga kelele kwa lugha ya nyumbani, si kwa Kiswahili cha shule. Nilimwita yule mama "wewe". Niliwaambia wakae, kaa, kaa wewe, geukeni huku. Mzee hakukaa, alikuwa akitazama huku na huku akitafuta nani anayemfokea, basi nikamwambia aweke matako yake chini. Nilisema hivyo hivyo, neno lenyewe, kwa sauti ambayo sikuijua. Mwamba ukairudisha. Kila mtu pale, wa mtumbwi huu na wa mtumbwi ule, alilisikia mara mbili.

Mzee alianguka kwenye makalio yake kama aliyekatwa magoti. Wanawake wakakaa. Nilitia kasia majini upande wa kushoto, nikalikandamiza kwa uzito wangu wote mpaka nikahisi mpini unapinda, baba mdogo akapiga mbele kama mwendawazimu, na pua ikageuka. Mwamba ulipita karibu kiasi kwamba niliona konokono juu yake. Mtumbwi ukazunguka, ukaingia ubavu kwenye mafunjo na kukwama, umejaa maji hadi nyongani mwa waliokaa.

 Kibuyu cha rubisi kilikuwa kinaelea kuteremka mto. Mkungu mmoja ulikuwa umekwenda. Mama alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili, kitenge kipya kimelowa mpaka kifuani. Nilichukua kopo nikaanza kukumba maji. Mengine nilijimwagia mwenyewe.

Yule mdogo akamgeukia mama yake.

"Amesema matako," akasema.

"Nyamaza."

"Amemwambia baba."

"Nimesema nyamaza!"

Mzee mwenyeji alikifukuza kibuyu na mtumbwi wake, akakipata, akaja nacho. Alituongoza njia yote iliyobaki bila kugeuka. Hakurudia karibu yake. Wageni nao hawakurudia salamu. Walikaa wamenyosha miguu, wamelowa, wakitazama migongo ya wenzao, hata shangazi hakuwa na neno, na nilitamani anitukane.

Huko chini wakapokelewa kwa vigelegele, wakapewa nguo kavu, wakaingia ndani kumwona mtoto. Mimi na baba mdogo tulikaa karibu na jiko la nje. Kuta za nyumba zile zilikuwa za miti na udongo, ukikaa jikoni unasikia ya ndani.

"Kijana gani yule?" ilikuwa sauti ya mzee, baba wa binti. "Nimeoza binti kwenu, nimekuja na heshima yangu, napelekwa kama gunia, halafu natajiwa matako mbele ya wakwe?"

"Ni kweli amekosa," mwenyeji akasema. "Nitamtuma mtu kwa baba yake."

"Simtaki baba yake. Ninachosema ni hiki: mtumbwi wa yule mtoto sipandi tena. Tutazunguka na milima."

"Ni mbali, mkwe. Na mama miguu inamuuma."

"Tutazunguka."

Baba mdogo alinigusa goti. "Umesikia," akasema taratibu. Hakuwa anashangilia. Nadhani alinihurumia, na hilo liliniuma zaidi. Ugali ulioletwa sikuula. Niliona nafasi ya nyuma ya mtumbwi ikiondoka, nikaona jembe, na mistari ya mibuni isiyoisha.

Jioni ile mama wa binti alitoka nje, amevaa nguo ya kuazima. Nikasimama, nikainamisha kichwa.

"Samahani, mama," nikasema. Alinisikia, sauti yangu ilikuwa bado imekwaruza.

Alikaza fundo la nguo ile.

"Mimi nilijua tumeshakufa," akasema. "Nilikuwa namalizia salamu tu." Halafu akasema, "Lakini wewe mtoto una mdomo mchafu," na akarudi ndani.

Siku iliyofuata waliondoka kwa miguu, mzee akiwa mbele na fimbo yake. Mimi na baba mdogo tuliurudisha mtumbwi mtupu kwa upondo, tukipita kandokando mwa mafunjo, kazi ya kutwa.  Pale mlangoni alisema, "Hata mimi niliona. Neno halikunijia." Akatema mate majini, akaendelea kusukuma.

Baba alitusikiliza. Yaani alimsikiliza baba mdogo, ambaye alisema yote: viboko, mlango, salamu, na neno lenyewe. Mama aliyekuwa akipepeta maharage alifunika mdomo kwa kanga. Baba alitazama chini.

"Wamerudi kwa miguu?" akauliza.

"Kwa miguu."

"Wote?"

"Hata yule mwenye miguu mibovu."

 Usiku ule baba hakuniita nje, wala siku zilizofuata. Nilikwenda shambani bila kuambiwa, nikapalilia kahawa. Baba mdogo aliteremsha ndizi na kijana mwingine, na akawa anakaa nyuma. Kila nilipousikia mtumbwi ukisukumwa asubuhi, nililishika jembe kwa nguvu zaidi.

Kumbe kule Nyabiyonza shangazi alikuwa amepona ulimi. Alisimulia kisimani, alisimulia baada ya ibada, alisimulia gulioni. Alisimulia kwa hasira, kama malalamiko, jinsi kijana asiye na adabu wa mtoni alivyowakalisha wakwe wote kwa mpigo. Na wasikilizaji, nilivyokuja kuambiwa, walicheka kwanza. Halafu mmojammoja akauliza: Kwa hiyo mlifika? Akajibu ndiyo, tulifika. Mzima hata mtoto? Hata mtoto.

Asubuhi moja, mvua zikiwa bado hazijakatika, watu waliteremka mwaloni kwetu kutoka Nyakakika. Nilikuwa nimepita hapo kuosha jembe. Walikuwa mwanamume na mke wake, watoto wao, na bibi kizee mwenye fimbo, wakienda ubatizo wa mjukuu. Baba mdogo alikuwa tayari amesimama nyuma ya mtumbwi, kasia mkononi.

"Ni wewe?" yule mwanamume akamuuliza.

"Mimi nini?"

"Tunamtafuta yule anayefokea wazee."

 Baba mdogo alimtazama baba, aliyekuwa amekaa mahali pake juu ya mteremko. Baba aliinuka, akashuka polepole, bega moja chini, mpaka majini. Akamwambia mdogo wake, "Pita mbele."  Alichukua jembe mikononi mwangu, akapanda nalo mteremko.

Baba mdogo akahamia mbele. Nikaingia nyuma. Familia ile ilisimama ikinitazama. Niliwatazama vidole vya miguu. Kisha nikanyanyua macho.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Fimbo nipe mimi. Utakaa hapa katikati, chini kabisa, unyoshe miguu. Tukikutana na mtu yeyote, hata akiwa askofu, unamsalimia umekaa."

Bibi akanipa fimbo. Mwanawe akamshika mkono, akamwingiza, akakaa, akanyosha miguu yake myembamba kuelekea kwangu.

"Marahaba," akasema. "Na mimi utanitukana?"

"Ukisimama tu, bibi."

Akavuta shuka lake mabegani, akajisogeza katikati, tukasukuma.